Mbu Akiniuma, Anakufa Yeye

"Sisi tumezoea." Hilo ndilo neno ninalotaka kupigana nalo leo, na naomba mnivumilie, maana nitapigana nalo kwa kirefu.

Nimelisikia Mkwaja, kwenye baraza la nyumba ya upande wa mama, kusini mwa wilaya ya Pangani, jirani kabisa na Hifadhi ya Saadani. Mjomba wangu alikuwa akinicheka kwa sababu nilitoka mjini na chandarua kwenye begi. "Wewe damu yako imeshakuwa ya Dar," akaniambia. "Sisi wa huku tumezoea. Mimi mbu akiniuma, anakufa yeye." Baraza zima likacheka, nami nikacheka, kwa sababu mjomba anajua kusema.

Tatizo ni kwamba neno hilo silisikii kwa wazee wa pwani tu. Nalisikia kwa vijana wenzangu wenye digrii, kwenye chumba cha habari, kwenye daladala, kwenye meza ya chai. Mmoja atakwambia yeye kakulia Tanga, malaria kwake ni kama mafua. Mwingine atakwenda mbali zaidi: eti vyandarua ni njama ya kutuondolea kinga yetu ya asili, na eti chanjo ya nini wakati Mungu alishatuchanja. Huyo wa pili ndiye hasa aliyenikalisha chini kuandika.

Kwanza nimpe mjomba haki yake. Kinga ipo. Robert Koch, yule daktari wa Kijerumani aliyegundua kimelea cha kifua kikuu, alipita huku kwetu mwishoni mwa miaka ya 1890. Watu wa milima ya Usambara wakamweleza kwamba wakishuka nyanda za chini wanapata homa, na homa hiyo waliiita "mbu", jina lile lile la mdudu anayewauma huko. Profesa aliyaandika maneno hayo miaka ile ile ambayo Ronald Ross alikuwa India akihangaika na darubini kuthibitisha kwamba mbu ndiye mbebaji. (Sijawahi kuona Msambaa akitajwa kwenye orodha ya wagunduzi, lakini tuyaache hayo.) Mwaka 1900, akiwa New Guinea, Koch akapima damu za watoto na wakubwa wa vijiji vyenye malaria nyingi, akakuta watoto wamejaa vimelea na wakubwa wana vichache sana. Akasema wazi kwamba mwili hujifunza.

Halafu ikaja Gambia. Mwaka 1961 Sydney Cohen, Ian McGregor na mwenzao Carrington walitoa damu kwa watu wazima wa kule, wakachuja sehemu yenye kingamwili, yaani askari wale wa damu wanaotengenezwa na mwili wenyewe, wakawachoma watoto waliokuwa wakiumwa malaria. Vimelea vikaporomoka. Muda mfupi baadaye kingamwili za Afrika Magharibi zikajaribiwa kwa watoto wa Afrika Mashariki, zikafanya kazi pia. Kwa hiyo kilichomo kwenye mishipa ya mjomba ni dawa kweli kweli.

Sasa tuulizane bei.

Mtu hazaliwi na kinga hii. Mtoto hutoka tumboni na akiba kidogo ya kingamwili za mama yake, nayo huisha katika miezi ya mwanzo. Baada ya hapo anaingia darasani peke yake. Kimelea cha falsiparamu, kile kinachoua zaidi huku kwetu, kina jeni zipatazo 60 za kutengeneza protini ya aina moja tu, ile kinayoipachika juu ya chembe nyekundu ya damu, nacho huzibadilisha kama mwizi anayebadilisha shati kila polisi wanapomkaribia. Mwili ukishalijua shati hili, chenyewe kimevaa lile. Ndiyo maana huchukua miaka ya kuumwa na kuumwa tena kabla mtu hajawa kama mjomba, na ndiyo maana wanaozikwa ni watoto. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2023 malaria iliua watu wapatao 597,000, asilimia 95 yao Afrika, na katika kila vifo vinne vya Afrika vitatu vilikuwa vya watoto wa chini ya miaka mitano.

Mjomba ni mhitimu wa shule hiyo. Na wahitimu, kama tunavyowajua, hawawahesabu walioishia njiani.

Bibi yangu, mama yake mjomba huyo huyo, alizaa watoto tisa, akazika watatu kabla hawajaanza kusema vizuri. Muulize kama malaria ndiyo iliyowachukua, atakukatalia. Malaria kwake ni homa: unatetemeka, unatoka jasho, unakunywa mwarobaini, unapona. Watoto wake walichukuliwa na degedege. Kwa wasioijua pwani, degedege ni pale mtoto anapokakamaa, macho yakageuka juu, akatoka povu. Wazee wanasema ni shetani, wengine wanasema ni ndege wa usiku aliyepita juu ya paa. Na mtoto wa degedege hakukimbizwa hospitali, kwa sababu iliaminika kwamba akichomwa sindano anakwisha pale pale. Watafiti waliokwenda kuwasikiliza akina mama wa Bagamoyo miaka ya 1990 waliyakuta haya haya na kuyaandika. Daktari akimwona mtoto yule yule, mara nyingi ataandika kitu kimoja: malaria kali iliyopanda kichwani.

Mnaona jinsi hesabu inavyofichwa? Homa ya mkubwa inaitwa malaria, inapita, watu wanasema tumeizoea. Kifo cha mtoto kinapewa jina jingine na mhusika mwingine, tena asiyeshikika. Tukirekebisha daftari hilo tu, tukaandika vifo vya degedege kwenye safu yake halali, sidhani kama kuna mtu pale barazani ambaye angeendelea kucheka.

Najua wasomi mtanijibu vipi. Mtasema mtoto huanza na homa ndogondogo, hizo ndizo zinazomkomaza, kubwa ikija inamkuta tayari. Ni hoja nzuri, na bahati nzuri imepimwa, tena si Ulaya bali Muheza, mwendo mfupi tu kutoka Pangani. Kuanzia mwaka 2002 watafiti wakiongozwa na Patrick Duffy na Michal Fried, pamoja na wataalamu wa Kitanzania kama Theonest Mutabingwa na Edward Kabyemela, walianza kuwafuatilia watoto tangu siku ya kuzaliwa katika hospitali ya wilaya, ile tunayoiita Teule. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 walikuwemo watoto 882. Kati yao 102 walipata malaria kali. Na kuumwa malaria nyepesi mara moja au mara mbili hakukumkinga mtoto na ile kali. Yaani ile "homa ya kumkomaza" ilikuja, ikaondoka, na mtoto akabaki kwenye hatari ile ile.

Kuna kinga nyingine ambayo mtu huzaliwa nayo kweli, ya chembe za selimundu, ambayo Anthony Allison aliihusisha na malaria mwaka 1954 kwa utafiti wa Uganda na Kenya. Ukirithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja, malaria kali inakuogopa. Ukirithi kwa wote wawili unaumwa selimundu yenyewe, na Tanzania inakadiriwa kuzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huo kila mwaka. Hata zawadi ya kuzaliwa nayo, basi, ina watu wanaoilipia.

Na mwanamke? Msichana wa Mkwaja aliyefika miaka 20 amehitimu kama mjomba. Abebe mimba ya kwanza, uone. Kondo la nyuma linapoota linawapa vimelea mahali pa kujishikiza ambapo mwili wake haujawahi kupalinda. Fried na Duffy walilionyesha hilo mwaka 1996 kwa kondo za akina mama wa Kisumu, Kenya. Kingamwili zinazohusika hujengeka mimba baada ya mimba, ndiyo maana mimba ya kwanza ndiyo hupigwa zaidi: mama anaishiwa damu, mtoto anazaliwa na uzito mdogo. Baraza la wanaume halilijui hili kwa sababu halijawahi kubeba mimba.

Nanyi wenzangu mliokulia pwani na sasa mnakaa ghorofani mjini, mnajidanganya. Kinga hii inataka kulishwa. Ukikaa miaka bila vimelea inafifia, halafu unakwenda kijijini kwa harusi na kiburi chote, unarudi umebebwa.

Hoja ya "waacheni, wamezoea" haikuanzia barazani. Ina historia ndefu na ya kitaalamu. Mwaka 1950 Shirika la Afya Duniani liliitisha mkutano wa malaria Kampala, na swali kubwa lilikuwa hili hili: je, kupuliza dawa vijijini kutawavunjia Waafrika kinga yao? Mmoja wa waliohimiza tahadhari alikuwa Dk. Bagster Wilson, aliyeongoza utafiti wa malaria huku Tanga, Muheza na baadaye Amani. Sitaki kumsingizia ubaya. Alichohofia ni kwamba mtaanza, mtachoka, mtaondoka, na watu watabaki bila dawa na bila kinga. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, na bado inao. Ila angalieni ilivyo: watu wamekaa mezani wanajadili kama ni busara kuzuia ugonjwa unaoua watoto wa wengine, na wenye watoto hawapo mezani.

Jibu lilitafutwa jirani. Kati ya 1955 na 1959 nyumba za Pare kwa upande wetu na Taveta kwa upande wa Kenya zilipuliziwa dawa ya dieldrini. Malaria ikashuka sana, upungufu wa damu ukapungua, vifo vya watoto wachanga vikapungua. Kisha wakaacha kupuliza. Vimelea vikarudi taratibu, lakini lile balaa lililotabiriwa halikuja kama lilivyoogopwa, na sababu mojawapo ni kwamba klorokwini ilikuwa imeanza kufika madukani. Somo ninalolipata mimi pale ni kwamba ukianza usiache, na ukiacha hakikisha dawa ipo. Anayelisoma kuwa "msianze" ana lake jambo.

Na kwa kuwa nimetaja Mkwaja, niseme na la ng'ombe. Kuanzia miaka ya 1950 hadi mwaka 2000 kulikuwa na ranchi kubwa pale, mali ya kampuni ya Amboni, eneo ambalo sasa ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani iliyotangazwa mwaka 2005. Mbung'o walikuwa tele, na mbung'o huleta nagana. Wale ng'ombe aina ya borani walichomwa sindano za kinga kwa ratiba, wakaandikwa kwenye madaftari, nani kazaa, nani kakonda, nani kachomwa lini, hata watafiti wa mifugo wa kimataifa wakaja kuchukua kumbukumbu za miaka kumi na kuzitolea kitabu mwaka 1985. Hakuna aliyesimama zizini akasema waacheni, watazoea. Ng'ombe alikuwa na bei, na mwenye mali aliijua.

Sasa nije kwa yule mbu anayekufa. Hapa ndipo mjomba aliposema jambo kubwa bila kujua.

Kimelea hakikai kwenye damu kwa ajili ya kukuumiza. Kinachotaka ni kuondoka, kwenda kwa mtu mwingine. Kwa safari hiyo kinatengeneza vimelea maalumu vya kiume na vya kike, ambavyo havileti homa. Vinasubiri tu kunyonywa. Mbu akinywa damu, ndani ya takriban dakika 15 vya kiume vinachanguka tumboni mwake na kutafuta vya kike. Wiki mbili hivi baadaye mate ya mbu yule yamejaa vimelea. Na mtu mzima aliyezoea hupunguza vimelea vyake, mara nyingi havimalizi. Anabaki navyo vichache, haumwi, hapimwi, hanywi dawa. Anakwenda baharini, anarudi, anakaa barazani saa mbili usiku kifua wazi, analiwa. Yule mbu hafi. Yule mbu anaingia ndani alikolala mjukuu.

Lakini mbu "anayekufa" yupo, kwa namna yake. Mwaka 1976 Robert Gwadz, na wakati huo huo Richard Carter na David Chen, walionyesha kwa malaria ya kuku kwamba damu inaweza kubeba kingamwili zinazofanya kazi yake tumboni mwa mbu: zinanyonywa pamoja na vimelea, zinavikamata kule kule, uzazi unakwama. Mbu anaruka zake mzima, abiria ndio wamekufa. Kwa binadamu kingamwili za aina hiyo zipo bila kuchanjwa, na zinazojulikana zaidi hulenga protini mbili ziitwazo Pfs230 na Pfs48/45. Kundi la Duffy, yule yule wa Muheza, limeshafikisha chanjo ya Pfs230 kwenye majaribio ya watu nchini Mali.

Ila msikimbilie kushangilia. Kingamwili hizo huonekana kwa baadhi ya watu tu, na hufifia. Zaidi ya yote, hazina uhusiano na kujisikia mzima. Unaweza kuwa hujaumwa homa miaka kumi na damu yako ikawa shamba la kuvunia mbu wote wa mtaa. Hakuna zahanati itakayokupima ikuambie wewe ni wa kundi gani. Kwa hiyo mwenye kusema "mimi nimezoea" anatangaza kwamba yeye yuko salama, basi. Kuhusu wanaolala nyumba moja naye hajasema kitu.

Ndiyo maana nasema chandarua cha mjomba si cha mjomba. Ni cha mtoto wa chumba cha pili. Mbu akitua kwenye chandarua chenye dawa akimtafuta mjomba, hapo ndipo maneno ya barazani yanapokuwa kweli, anakufa yeye, na mzigo hauchukuliwi. Sote tumeona kinachotokea kijijini: chandarua kimoja kizuri anapewa mtoto, na hilo ni jema, vilivyobaki vinazungushiwa mchicha kuzuia kuku, na wakubwa wanalala wazi kwa sababu wamezoea. Mbu sugu nao wapo, hilo ni kweli, dawa za zamani zimechoka. Lakini jaribio lililofanyika Misungwi, Mwanza, na kuchapishwa mwaka 2022 lilionyesha kwamba vyandarua vilivyoongezwa dawa ya klorofenapiri vilipunguza malaria kwa watoto kwa asilimia 44 katika miaka miwili kuliko vile vya kawaida. Wilayani Korogwe, kijiji kimoja cha bondeni kilikuwa na vimelea kwa asilimia 78 ya waliopimwa mwaka 2003. Mwaka 2008 ilikuwa asilimia 13. Naam, watoto wa kijiji kile wanakua na kinga ndogo kuliko babu zao. Wanakua.

Sasa nimgeukie yule wa "Mungu alishatuchanja". Ndugu yangu, kama unaipenda kinga ya asili kiasi hicho, jua kwamba wanasayansi wanaipenda kuliko wewe. Damu za watoto wale wa Muheza zilipelekwa hadi Rhode Island, Marekani, kwenye maabara ya Jonathan Kurtis. Swali lilikuwa: watoto wasioumwa sana wana nini ambacho wenzao hawana? Mwaka 2014 wakatangaza kingamwili dhidi ya protini ya PfSEA-1, zinazokifungia kimelea ndani ya chembe ya damu kisitoke. Ni asilimia 6 hivi tu ya watoto waliokuwa nazo, na katika vipindi walivyokuwa nazo hakuna aliyepata malaria kali. Mwaka 2020 wakatangaza nyingine, PfGARP, ambayo kingamwili zake hukifanya kimelea kijiue. Utafutaji wa chanjo kutokana na hizo unaendelea. Kwa hiyo kinga ya asili na chanjo si maadui. Chanjo ni jaribio la kumpa mtoto cheti bila kumpitisha kwenye shule inayoua wanafunzi.

Na hapa ndipo hasira yangu inapohama kutoka barazani kwenda juu. Chanjo mbili zimeshaidhinishwa, ingawa hizo hulenga kimelea kikiwa bado njiani kwenda ini, si hizi za Muheza. Ya kwanza, RTS,S, ilijaribiwa kuanzia 2009 kwenye vituo 11 vya nchi saba, na viwili kati ya vituo hivyo vilikuwa Korogwe na Bagamoyo. Ya pili, R21, ilijaribiwa Bagamoyo pia, na katika vituo vya aina yake ilipunguza malaria kwa asilimia 68 katika mwaka wa kwanza. Chukua ramani: Korogwe iko ndani kidogo, Muheza kaskazini, Bagamoyo kusini. Mkwaja iko katikati yao. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza ya kwanza Oktoba 2021 na ya pili Oktoba 2023. Ghana, Kenya na Malawi zilikotangulia kuitoa ile ya kwanza, vifo vya watoto wa umri wa chanjo vilipungua kwa asilimia 13. Kufikia mwisho wa mwaka 2024 nchi 17 za Afrika zilikuwa zinachanja watoto wao, zikiwemo Sudan Kusini na Jamhuri ya Afrika ya Kati, nchi zenye vita na barabara mbovu. Tanzania haikuwemo.

Inawezekana kuna sababu. Chanjo inahitaji dozi nne, fedha, majokofu, na inawezekana mtaalamu mmoja alikaa na kikokotoo akaona vyandarua vipya vinaokoa wengi zaidi kwa shilingi ile ile. Kama ndivyo, tuelezwe hivyo hadharani, kwa takwimu, kwa Kiswahili, tujadili. Kinachonikera ni ukimya ambao ndani yake watu wanajaza "tumezoea", na sisi waandishi tunapita tukikimbilia mkutano wa waziri wenye posho. Wale vichanga wa Korogwe waliotoa mapaja yao kuchomwa sindano ya majaribio mwaka 2009 sasa ni vijana wa umri wa kupiga kura, au wanaukaribia. Muda si mrefu baadhi yao watakuwa wamebeba watoto wao wenyewe kwenye foleni ya kliniki, na nesi atakapofungua kadi ya mtoto, safu ya malaria ama itakuwepo ama haitakuwepo.